Daftari la Rangi la Bi Sauda

Mpaka ulipofungwa, mwezi wa pili mwaka wa sabini na saba, watu walilia mengi. Wako waliolilia ndugu, wako waliolilia mizigo iliyokwama Lunga Lunga. Bi Sauda binti Shee hakulia. Alikwenda nyuma ya mlango, akafunua chungu chake cha udongo chenye mchanga uliotiwa maji, akahesabu chupa za insulini zilizofukiwa humo. Tatu. Akahesabu tena, utadhani chupa nazo huzaana. Tatu vilevile. Dawa ya mwezi mmoja na siku chache, basi.

Huyu alikuwa mtu wa Tanga. Mjane, na Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Tumu. Tumu naye, kati ya wanaume wote wa pwani, akampenda fundi baiskeli kutoka Ukambani aliyekuja kutafuta kazi kwenye mkonge. Mutie ndilo jina lake. Alisilimu akaitwa Ismaili, akamwoa Tumu, akamchukua hadi kwao Kabati, Kitui, kwenye jua la kukausha hata mate. Tumu alipojifungua, Bi Sauda akaja kumlea mzazi siku arobaini. Arobaini zikawa miezi, miezi ikawa miaka miwili. Mjukuu alikuwa hataki kulala ila kifuani pa bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa hataki kuondoka, ingawa jambo hilo hakulisema. Kila miezi mitatu alishuka Tanga kuonana na daktari wake, akarudi na chupa za dawa ndani ya kikapu cha majani mabichi.

Sasa Tanga imekuwa mbali kama Bara Hindi.

"Mama, itabidi uende hospitali ya hapa," Tumu alisema.

"Nitakwenda. Kwani daktari wa hapa atanila?"

Akajitayarisha kama mtu anayekwenda kuposa. Alivaa buibui lililopigwa pasi, akatia kwenye mkoba barua ya daktari wa Tanga, bomba lake la sindano la kioo, na daftari. Lile daftari ndilo hasa alilotaka lionekane. Bi Sauda hakusoma utotoni. Baba yake alisema msichana anayejua kuandika ataandikia wanaume barua. Alipofikisha miaka arobaini na sita, serikali ya kwao ikaleta kisomo cha watu wazima, na mwaka huohuo sukari ikampata. Sista mmoja mzee akamwambia, "Bi Sauda, ugonjwa huu unataka mtu anayeandika." Basi akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, akajifunza a, e, i, o, u. Neno la kwanza aliloandika bila kuongozwa mkono lilikuwa "buluu".

Kwa nini buluu? Kwa sababu kila asubuhi na kila jioni alipima mkojo wake mwenyewe. Alikuwa na dawa ya maji ya rangi ya buluu, kichupa kirefu cha kioo, na taa ndogo ya spiriti. Unatia dawa kidogo kichupani, unadondosha matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, iko kidogo. Njano, jihadhari. Ikigeuka nyekundu kama tofali, mama yangu, uko pabaya. Miaka sita aliandika rangi hizo, na chakula alichokula, na saa, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama askari.

Mutie alimpakia nyuma ya baiskeli, mwendo wa saa moja na nusu wa vumbi na mawe, hadi hospitalini. Daktari alikuwa Musyoka, kijana wa Nuu aliyesomea ng'ambo, shati jeupe, miwani, na uso wa mtu aliyelala saa tatu tu. Alisoma ile barua ya Tanga, akaigeuza nyuma, akaiweka chini.

"Mama, barua hii imetoka nchi ingine. Aliyeiandika simjui, na siku hizi simu ya huko haishiki. Siwezi kukuandikia insulini kwa barua."

"Basi niandikie kwa daftari," Bi Sauda akasema, akamsogezea.

Daktari akafungua. Akapekua. Buluu, buluu, kijani, buluu, buluu. Akapekua tena huku na huku, kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Bi Sauda kuliko sindano zote alizowahi kujidunga.

"Mgonjwa wa namna hii hata mimi ningependa kumwona," alisema. "Lakini wagonjwa wangu nawajua. Wanaandika kile wanajua daktari anataka kusoma."

Lo! Kumwambia mtu mzima, mbele ya mkwe wake, kwamba ni mwongo! Mutie alitazama sakafu. Bi Sauda alihisi damu ikimpanda hadi masikioni, akafunga kinywa, maana alijua akikifungua atatoka bila dawa.

"Na tena," daktari aliendelea, bila ubaya, kama anayesoma tangazo, "hapa hatumpi mgonjwa insulini aende nayo. Nyumbani kuna joto, kuna vumbi, kuna watoto. Sindano inadungwa na sista, hapa, asubuhi na jioni."

"Na mimi nakaa Kabati. Nitakwenda na kurudi mara mbili kwa siku, na miguu hii?"

"Watu wa mbali hupanga chumba hapa karibu. Wengine tunawalaza."

Chumba! Yaani aache mtoto wake na mjukuu wake, akakae peke yake kwenye chumba cha mabati kungoja sindano, asubuhi na jioni, hadi siku ya kufa. Kama ni upweke, si angebaki Tanga?

"Daktari," alisema polepole, "nipe mtihani."

"Mtihani gani?"

"Wowote. Umeniita mwongo. Nipime."

Musyoka akavua miwani, akaifuta. Labda alikuwa hajawahi kuombwa hivyo na mama wa umri ule. Akasema, haya, wiki mbili. Alhamisi ya wiki ya pili arudi na daftari, na apime mkojo pale mbele yake. Kukiwa buluu na kijani, atamwandikia cheti cha dawa ajidunge mwenyewe nyumbani. Kukiwa nyekundu, atalazwa, na dozi ataipanga daktari.

"Tumekubaliana," Bi Sauda akasema, akaondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima, juu ya baiskeli, alikuwa akinung'unika. "Kitoto! Kitoto cha juzi! Sikupata mtihani rahisi kama huu tangu nizaliwe."

Siku tatu za kwanza zilikuwa buluu. Ijumaa buluu, Jumamosi buluu, Jumapili buluu. Bi Sauda aliandika huku akiimba.

Jumatatu akaja Kaluki.

Kaluki alikuwa mama yake Mutie, mjane kama yeye, nyumba yake ng'ambo ya ua. Mwanakwaya wa kanisa, sauti ya kupasua bati, na moyo wa kumpa mgeni hata kitanda. Jina la Ismaili hakulitamka hata siku moja, lakini kila Idi alileta mbuzi yeye mwenyewe, akisema Mungu hana kabila. Walipendana, hawa wawili, mapenzi ya watu wanaogombana juu ya namna ya kumfunga mtoto nepi. Na Kaluki alipomwita Bi Sauda "muthoni", hakutania. Muthoni ni mkwe, na kwa Wakamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hadi kwenye kikombe: anachokupa kwa mkono wake, hukikatai. Ukikikataa umemkataa yeye, na ukoo wake, na marehemu wake.

Siku hiyo alikuja na kikombe kikubwa cha bati, kinafuka moshi.

"Muthoni, mimi nimesikia ile maneno daktari alisema. Nikalia. Halafu nikasema, kulia ni ya nini? Hii ni mwarobaini na mizizi ingine ya kwetu. Mimi nimechemsha na mkono yangu. Itafagia hiyo sukari yote. Kunywa."

Bi Sauda hakuwa mtu wa mizizi. Alikuwa mtu wa mistari ya bomba na matone manane. Lakini tazama macho ya Kaluki! Akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Chungu, ndiyo, lakini si uchungu ule wa mwarobaini wa Tanga unaokunja uso mpaka kesho yake. Akashukuru. Jioni Kaluki akaleta kingine. Bi Sauda, kwa kuwa daftari lake halikuficha kitu, aliandika chini ya chakula: kikombe cha muthoni.

Usiku ule dawa kichupani ikageuka njano.

"Si kitu," akajiambia. "Ni ile ndizi."

Jumanne nyekundu. Jumatano nyekundu, nyekundu kama tofali la kanisa. Bi Sauda akaacha ndizi. Akapunguza ugali hadi ukawa tonge la kumpa kuku. Alhamisi nyekundu. Akasema labda insulini imeharibika kwa joto, yule kitoto alisema kweli. Akafungua chupa mpya, akamwaga ile ya zamani, na ilimuuma kama anayemwaga maziwa ya mtoto. Ijumaa nyekundu. Kiu ikamshika, akawa anainuka kwenda msalani mara tano kwa usiku mmoja. Miguu ikawa mizito. Na Kaluki, masikini, alipomwona anazidi kudhoofika, alizidi kujaza kikombe.

Jumamosi Kaluki akapanda gari na kwaya kwenda Nuu, mkutano wa kanisa wa siku mbili. Jumatatu alfajiri alikuwa amerudi, sauti imemkauka, kikombe mkononi.

Jumanne jioni, zimebaki siku mbili, Bi Sauda alikaa kwenye kitanda na kile kichupa kimegeuka tofali tena mkononi mwake. Tumu akaingia, mtoto kiunoni. Akatazama kile kichupa, akatazama mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "andika buluu."

"Nini?"

"Andika buluu tu. Kurasa zote. Alhamisi usile kitu tangu jana yake, mkojo utakuwa safi mbele ya daktari. Nani atajua? Mama, wakikulaza kule... Mimi nina wewe tu."

Akaanza kulia, na mtoto naye akalia kwa kumfuata. Nani asingeyumba? Bi Sauda aliyumba. Kalamu ilikuwa mkononi, na neno lenyewe ni lile la kwanza alilojifunza. Mkono ungeliandika hata mwenyewe akifumba macho.

"Hapana," akasema.

"Mama!"

"Hapana, Tumu. Yule kijana alinitazama akaniita mwongo, nami nikaapa moyoni nitamwaibisha. Nikiandika uongo leo, alikuwa na haki. Sikukaa kwenye dawati la watoto, mimi na uzee wangu huu, ili niandike uongo. Nikilazwa, nilazwe na daftari langu safi. Nenda kamlaze mtoto."

Akaandika: NYEKUNDU. Akaandika chakula. Akaandika kikombe cha muthoni. Kisha, kwa hasira, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akarudi nyuma akasoma daftari lote la wiki mbili, kwa kidole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili ya kwanza. Buluu. Hakuna kikombe.

Jumatatu, kikombe. Njano.

Jumanne kikombe, nyekundu. Jumatano kikombe, nyekundu. Alhamisi, Ijumaa, hivyo hivyo.

Jumamosi Kaluki hayupo. Kijani. Jumapili Kaluki hayupo. Buluu.

Jumatatu kikombe. Nyekundu.

Kidole kikasimama. Bi Sauda akainua uso, akatazama kwenye meza. Kikombe cha jioni kilikuwa palepale, chini kabisa kimebaki kidogo alichoshindwa kukimaliza.

Hakumwita mtu. Alisafisha kichupa mara tatu, akatia dawa ya buluu, akadondosha matone manane ya kile kinywaji, akawasha taa. Haikuwahi kuchemka vizuri. Buluu ilipotea ghafla, ikawa tofali tupu, nyekundu kuliko alivyopata kuiona tangu aanze kupima.

"Yallah," alisema. "Kaluki!"

Alivuka ua hata viatu hakuvaa. Kaluki alikuwa jikoni, anapepeta pojo.

"Muthoni, ile dawa unayonipa, unatia nini?"

"Mwarobaini. Mizizi."

"Na nini?"

"Na maji."

"Na nini, Kaluki?"

"Na asali," Kaluki akasema, akishangaa kuulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Vijiko tano, sita. Nani anapatia mgonjwa dawa chungu bila asali? Utatapika yote."

"Asali! Mimi mgonjwa wa sukari!"

"Sasa asali ni sukari?" Kaluki akacheka kabisa, akaweka ungo chini. "Sukari inatoka kiwandani, ni ya wazungu, ndiyo inaleta magonjwa. Asali inatoka kwa Mungu. Hii ni ya mizinga ya bwana yangu Ndululu mwenyewe. Alikufa na miaka themanini, meno yote ndani, na alikula asali kila siku."

"Inaniua!" Bi Sauda akapaza sauti, na majirani nadhani walisikia mpaka sokoni. "Wiki nzima najiuliza nimemkosea nini Mungu, kumbe ni wewe! Kesho kutwa wananifunga hospitali kwa sababu ya mizinga ya Ndululu!"

Kumtajia mjane mume wake marehemu kwa hasira namna ile, si jambo dogo. Kaluki alisimama. Bi Sauda naye alikuwa hajamaliza. Alimshika mkono, akamvuta hadi chumbani kwake, akamkalisha kwenye kitanda, akamwambia aagize asali yenyewe, ile ya kibuyu, isiyoguswa. Ikaletwa. Akaichanganya na maji kidogo, akatia matone manane kwenye dawa ya buluu mbele ya macho yake, akachemsha.

Kaluki aliiona buluu ikifa. Akaomba ichemshwe tena, kwa maji matupu, ahakikishe kama si uchawi wa taa. Maji matupu yakabaki buluu. Akaomba tena kwa asali. Tofali.

Akainuka, akachukua kibuyu chake, akaondoka. Jumatano nzima mlango wake ulikuwa umefungwa, na hata kuku wake hawakufunguliwa. Bi Sauda alipima asubuhi: kijani. Jioni: buluu. Aliandika, lakini hakuimba. Kumpoteza muthoni kwa kumpata daktari, hiyo nayo ni biashara gani?

Alhamisi alfajiri alitoka na mkoba wake. Mutie alikuwa amemwombea nafasi kwenye lori la pamba linalopita barabarani. Na pale barabarani alikuwa amesimama Kaluki, amevaa gauni jeupe la kwaya na kitambaa cha kichwa, viatu vya Jumapili miguuni.

"Unakwenda wapi?" Bi Sauda akauliza.

"Kwa daktari."

"Unaumwa?"

"Mimi nimefanya makosa, na makosa inasemwa na mwenyewe. Panda."

Walipanda. Walikaa juu ya magunia. Walipofika karibu na mto uliokauka Kaluki akasema, huku akitazama mbele, "Mzee yangu angecheka sana." Na Bi Sauda, ambaye usiku mzima alikuwa akitafuta namna ya kuomba radhi, akasema, "Unisamehe kumtaja." "Imekwisha," Kaluki akajibu. Basi ikawa imekwisha.

Daktari Musyoka alifungua daftari. Kurasa za kwanza akaitikia kwa kichwa. Kisha akafika Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na kichwa kikaacha kuitika. Akavuta karatasi ya kulaza wagonjwa.

"Ni kama nilivyosema, mama. Pole. Tutakulaza leo, na dozi nitaongeza mara mbili. Umejitahidi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Nimeona za kutosha."

"Aliyenifundisha kusoma alinipiga kidole kwa rula nikiruka mstari," Bi Sauda akasema. "Soma mpaka mwisho, baba. Na usome pia nilichokula."

Nyuma ya mlango uliokuwa wazi, foleni nzima ilisogea kusikiliza. Daktari alimtazama, kisha, na kwa hili tumsifu, akarudi nyuma akasoma. Bi Sauda hakumsaidia. Alimwona anafika kwenye kikombe cha kwanza, anafika Jumamosi, anasimama, anarudi. Kidole chake kilitembea vilevile kama cha Bi Sauda usiku ule.

"Hiki kikombe cha muthoni ni nini?"

"Ni mimi," Kaluki akasema kutoka mlangoni, kwa ile sauti ya kwaya. Akaingia. "Mimi ndiyo muthoni. Ni mimi nilimwekea asali kwa dawa, vijiko sita, asubuhi na jioni. Nilifikiri asali si sukari. Yeye hakujua. Amenionyesha na ile maji yake ya buluu, mara tatu, nikaamini. Kama kuna mtu wa kufungiwa hapa, nifunge mimi. Huyu hajawahi kudanganya hata kuku."

Daktari akageuza tena ukurasa wa Jumamosi.

"Na sasa fikiria, daktari," Bi Sauda akasema, na hapo hasira ilikuwa imemtoka, imebaki sauti ya mtu anayejua kazi yake. "Ungeongeza dozi mara mbili, juu ya asali. Halafu siku muthoni anakwenda Nuu na kwaya, hakuna kikombe, sukari inaanguka chini kabisa. Nani angeniamsha kesho yake?"

Mkono wa yule kijana ulikuwa bado juu ya karatasi ya kulaza. Alipozungumza, hakuwa akizungumza na Bi Sauda.

"Mama," alimwuliza Kaluki, "hii ya asali, ni wewe peke yako?"

"Peke yangu? Daktari, wewe si mtoto wa Nuu? Mama yako alikupatia mwarobaini bila asali?"

Musyoka akasimama, akatoka hadi mlangoni. Wakamsikia akimwita sista, akimwambia aende wodini sasa hivi, kwa wale wagonjwa wanne wa sukari ambao haishuki, aulize kila mmoja anachonyweshwa na watu wa nyumbani saa za kutembelewa. Asiulize kama wanatumia sukari. Aulize asali. Sista akaenda. Hakuchukua muda, akarudi, akainua vidole vitatu.

Daktari alirudi akakaa. Akapima mkojo wa Bi Sauda mwenyewe, hapo mezani. Ukabaki buluu, lakini hata hakuutazama sana. Alichana ile karatasi ya kulaza. Akachukua karatasi ya dawa, akaandika jina, kisha akasimamisha kalamu.

"Sema dozi, mama. Mimi niandike."

Bi Sauda alinyoosha mgongo. Sijui kama malkia hukaa vile, lakini Kaluki baadaye alisimulia sokoni kwamba alikaa vile. "Ishirini na nne asubuhi. Kumi jioni. Chupa tatu kila mwezi. Nitapima mara mbili kwa siku, na daftari nitakuletea."

"Niletee," daktari akasema. "Na nilipokuita mwongo..."

"Ulikosea."

"Nilikosea."

Akamaliza kuandika, akapiga muhuri, akampa kwa mikono miwili. Bi Sauda aliipokea, akaisoma yote, polepole, kwa kidole, wala hakujali foleni. Kaluki, ambaye hakusoma, alisogea akachungulia begani kwake.

"Imeandikwa nini hapa mwisho?"

"Ajidunge mwenyewe, nyumbani."

"Imeandikwa nyumbani? Kabisa kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Basi twende nyumbani, muthoni," Kaluki akasema, akimchukulia mkoba. "Jua limekuwa kali, na sijafungulia kuku."